Jina Ambalo Mjukuu Wangu Alilipigia Chafya

Admin, jina langu ficha. Na wewe unayesoma, usicheke kabla sijamaliza. Mimi ni kogo, nyanya wa miaka themanini na kitu, huku kwa majani chai ya Kericho. Shule niliionea dirishani.

Miaka ya hamsini nilikuwa msichana mdogo, tukiishi kwa laini, zile nyumba za wafanyakazi wa chai. Dada yangu mkubwa akapata mimba kabla hajatahiriwa. Kwetu Kipsigis wakati huo, hiyo ilikuwa aibu ya ukoo mzima. Asubuhi moja ya ukungu akaingia shambani na kikapu mgongoni, akaniambia, "Niwekee maziwa yangu." Hakurudi. Baba akasema, "Jina lake lisitajwe tena hapa." Mama hakulitaja, lakini kila jioni alimwekea maziwa. Mama alipokufa nikaendelea mimi, hadi leo. Ukungu ukishuka nasikia majani yakichumwa, tak, tak, na shambani hakuna mtu.

Sasa sikieni. Kwetu mtoto akizaliwa, wamama humwitia majina ya wafu wa ukoo. Lile atakalolipigia chafya, huyo ndiye amerudi. Mjukuu wangu aliitiwa majina yote, kimya. Mdomo ukaniponyoka, nikataja la dada. Akapiga chafya! Wamama wakaangalia chini. Basi dada amekufa, maana aliye hai harudi kwa mtoto, lakini maziwa sikuacha.

Huyo mtoto leo ni daktari wa kuongea, yule asiye na sindano. Alianza kama nesi. Akaona wanawake wanaumwa kichwa mwaka mzima na dawa haishiki, akarudi shule kusomea machungu ya ndani. Kwanza anaketi na mtu peke yake. Siku yangu ya kuketi naye, akaniangalia tu, nikamwambia:

"Unaniangalia hivyo? Hata ng'ombe anaweza hiyo kazi!"

Akacheka. "Ng'ombe hangoji, kogo. Mimi nakungoja."

Halafu kuna kikundi. Wamama wanakaa mduara kwa ukumbi wa kanisa. Hakuna kumkatiza mtu, hakuna kumhukumu, na yakisemwa hayatoki mlangoni. Anataka niende Jumamosi.

"Kogo, nimebeba jina la mtu nisiyemjua. Tangu utotoni nakuona ukimimina maziwa ya mtu asiyekuja. Ndiyo maana nikasomea kazi hii. Njoo useme alikuwa nani."

Alisema hivyo kichwa kikiwa kimeinama upande, vile dada alikuwa akiinamisha. Nilitoka nje bila kuaga.

Nikimtaja mbele ya watu, nimemzika. Maziwa nitamwekea nani? Nikinyamaza, nitakufa, na mjukuu abaki akiuliza ukungu. Na msiniandikie "omba tu, kogo." Nimeomba kabla ya mama zenu kuzaliwa!

Jumamosi iko karibu. Ninyi mliosoma, niambieni bila kunibembeleza: niingie huo mduara, ama niendelee na maziwa?

Admin, langu ficha. La dada usifiche. Aliitwa Taplelei.