Mkunja Vijiti wa Mlimani

Juma lililopita nilifika kivukoni hapa Kindu nivuke mto kwenda Alunguli, nikakuta kasia la yule mzee aliyenivusha miaka yote limeshikwa na mtu mwingine. Nikauliza kulikoni. "Alikufa jana," nikajibiwa, "tumemuzika leo asubui." Nilipanda mtumbwi nikakaa, nikavuka. Wasomaji wangu wa siku nyingi mnajua kwamba katika safu hii ya gazeti sitaji mtu jina, awe mkubwa awe mdogo, na yeye sitamtaja. Lakini wengi wenu amewavusha. Ni yule mzee mwembamba mwenye kovu gotini, ambaye mtumbwi ukigusa ng'ambo hakukubali kushuka mpaka abiria wa mwisho akanyage mchanga. Watu walimcheka kwa tabia hiyo. Mimi nilijua alikoitoa, kwa kuwa nilimfahamu kabla ya mto, huko milimani, na habari hiyo sijawahi kuisimulia popote.

Enzi hizo nilikuwa kijana, karani wa Mzungu mmoja mpimaji aliyetumwa kuchora ramani upande wa Kabambare. Kazi yangu ilikuwa kuandika hesabu alizozisoma kwenye chombo chake, na nilijiona mtu kweli kweli: kaptula imepigwa pasi hata porini, kalamu mbili mfukoni, na mwandiko ambao wakubwa waliusifu. Marehemu alikuwa mkulima wa huko huko, aliyeajiriwa kutuongoza. Siku moja tulifika chini ya mlima ambao kileleni ilitakiwa isimamishwe nguzo yenye kitambaa cheupe, ipate kuonekana kutoka milima mingine. Njia ya watu ilizunguka kwa nyuma, mwendo wa siku mbili, na mvua zilikuwa zinakaribia. Mzungu akauliza kama hakuna pengine pa kupita. Marehemu akanyoosha kidole kwenye mgongo wa mlima, ukingo mwembamba unaopanda moja kwa moja hadi juu, huku korongo na huku korongo. "Njia haiko," akasema, "lakini watu wa kutafuta asali wanapitaka pale. Sisi pia tutapita."

Tulianza alfajiri. Kwanza tulikata nyasi zinazofika kifuani, kisha ukaja mwamba, na hapo mikono ikawa na kazi kuliko miguu. Viatu vyangu vya mjini viliteleza kama vimepakwa mawese. Marehemu alikuwa mbele, pekupeku, akigonga kila jiwe kwa kiganja kabla ya kulishika. "Karani, ile jiwe usikamate, iko inacheza," alinigeukia. "Kamata muzizi. Weka muguu pale mwenzako ametoa yake." Nikaitikia "Ndiyo, baba," kwa sauti ambayo mwenyewe sikuitambua. Kila baada ya mwendo mfupi alisimama, akashika kijiti kilichoota kwenye ufa wa mwamba, akakikunja bila kukivunja, ncha ikitazama tulikotoka. Mgongo ule, alinieleza, huko juu umeungana na mgongo mwingine, na mtu anayeshuka huona yote miwili inafanana, ila mmoja unaishia kwenye genge. Mwamba hauweki nyayo, kwa hiyo vijiti ndivyo vingeturudisha. Tena kwao kulikuwa na desturi: anayekunja vijiti hupanda wa kwanza na hushuka wa mwisho, ili asibaki mtu nyuma yake. Nilimsikiliza kwa adabu, lakini moyoni nilicheka, nikaona ni mambo ya kishamba.

Kileleni Mzungu alisimamisha chombo chake, na marehemu akaenda upande wa pili na wapagazi kukata nguzo. Mzungu akachungulia, akanuna. Vichaka vya ukingoni vilimziba asione alama tuliyoiacha chini. Akaniamuru nikasafishe. Nilishuka na panga mpaka pale migongo inapoachana, nikafyeka kila kilichosimama, pamoja na vile vijiti vilivyokunjwa. Niliviona, sitajitetea kwamba sikuviona. Nilichoogopa ni kurudi kwa Mzungu na kumwambia nimeacha kazi kwa sababu ya vijiti vya mkulima.

Mchana ukungu ukatufunika. Tulianza kushuka, Mzungu na wapagazi mbele, mimi katikati, na marehemu nyuma kabisa kama desturi yao ilivyotaka. Penye kuachana hapakuwa na kijiti cha kuwaonyesha wa mbele, wakafuata mgongo wa genge. Nyuma nikasikia sauti ya marehemu, "Simameni! Simameni wote!" Mbele ikajibu kelele. Mpagazi wa kwanza alikuwa ameteleza, akadakwa mkono na mwenzake, lakini sanduku la chombo lilikuwa limekwenda zake, na tulilisikia likigonga mawe muda mrefu. Marehemu akatupandisha tena. Pale penye visiki vibichi aliinama akavigusa kwa vidole, kisha akalitazama panga langu. Akatambaa peke yake ndani ya ukungu mpaka akaupata mgongo wetu, akarudi, akatushusha mmoja mmoja. Wa mwisho kabla yake nilikuwa mimi, nimeng'ang'ania jiwe sitaki kuliachia. "Nani iko nyuma?" waliuliza wa chini. "Karani bado," akawajibu. Kisha akaniambia polepole, "Hapana kukimbia. Niko hapa, nakungojea." Alinisubiri mpaka nguo zikamlowa, na wote tukafika chini wazima.

Kambini Mzungu alitaka mtu wa kubeba kosa la chombo chake. Alichukua buku ya kazi ya marehemu, kile kitabu ambamo kila mwajiri huandika maneno yake, akanipa niandike kwa Kifaransa kwamba mwenye kitabu hiki alipoteza njia, asipewe tena kazi ya kuongoza watu. Marehemu alikuwa amesimama mlangoni pa hema. Alinitazama mimi, hakumtazama Mzungu. Nilikuwa na nafasi ya kusema neno moja, na kama ningelisema labda ningefukuzwa mimi. Nikaandika, na mwandiko wangu ulikuwa mzuri siku ile pia. Nje akaniuliza, "Karani, wameandika nini?" Nikamjibu, "Wameandika ulifanya kazi vizuri, baba." Akasema aksanti, akakifunga kitabu kwenye kitambaa.

Alikipeleka kitabu kile kwa mwajiri mmoja baada ya mwingine, akikitoa kwa fahari, na kila mmoja alikisoma akamrudishia. Miaka baadaye nilimkuta hapa Kindu, ameshika kasia. Aliniuliza habari za nyumbani, nami nikampa. Tangu hapo nimevuka naye mara zisizo na idadi, na kila mara nilikaa mbele ya mtumbwi ili nimpe mgongo. Siku hizi mtu hapa mjini hapati hata kazi ya kufagia bila karatasi, na karatasi hizo tunaziandika sisi makarani, kwa maneno ya mkubwa na kwa mkono wetu. Tumezoea kujiambia kwamba mkono hauna kosa. Ramani ya kule nimeiona ukutani ofisini, mlima umewekewa pembetatu ndogo, mistari safi kabisa. Anayeitazama hawezi kujua nani aliwafikisha wapimaji pale, wala kwamba kazi ile ilimkosesha riziki.

Nilikwenda kumpa pole mjane. Aliingia ndani akatoka na kile kitambaa, akakifungua mapajani. "Karani, hii buku unaijua. Mukono yako ndo iliandika." Nikamuuliza kama marehemu alijua. "Alijua zamani. Mutoto wetu alipotoka misheni anajua Kifaransa, akamusomea. Mimi nikasema, ule mutu usimuvushe tena. Yeye akakatala. Akasema, 'Karani iko nyuma bado. Nitamungojea.'" Nililia mbele ya waombolezaji, mzee mzima, na sioni haya kuliandika hilo.

Nanyi makarani vijana mnaonisoma, mkiambiwa mwandike mnachojua si kweli, semeni pale pale, mwenye karatasi akiwa bado amesimama mlangoni. Mimi nilijipa siku, siku zikawa miaka, na mtu akafa akiningoja. Mama, mwanao atakusomea gazeti hili. Nakuomba ulikate hapa chini, ulitie ndani ya buku, juu ya ukurasa ule. Mwandishi ni yule yule: mwenye kitabu hiki hakupoteza njia. Vijiti vyake nilivikata mimi, na akanishusha salama.