Tairi Lenye Ua la Kahawa

Kisasi ni cha Bwana, imeandikwa, na mimi najua hivyo tangu kipaimara. Lakini Bwana hana gari. Hajawahi kushuka mteremko wa kwetu siku ya mvua, mama yake mzazi ameketi kiti cha mbele, mkoba wa dawa mapajani. Kwa hiyo hili moja nilimwomba aniachie mwenyewe.

Mtu ninayemsema anauza matairi ya mtumba mjini, Sombetini, dakika chache kwa miguu kutoka chumba ninachoshonea sare za shule. Siku ya Jumapili ni mzee wa kanisa katika usharika wa kwetu, huko juu kwenye miteremko ya Meru, ambako mama yangu ana kihamba chake cha kahawa na migomba. Ana sauti nene na utani usioisha, na ndiyo maana kila baada ya ibada yeye hunadi sadaka za mazao: mikungu ya ndizi, mayai, kuku, maparachichi. Mkono wake ukiinua jogoo, utadhani jogoo huyo kateremshwa kutoka mbinguni asubuhi hiyo.

Masika yalikuwa yanakaribia na matairi ya gari langu yalikuwa vipara. Kila baada ya wiki mbili nilikuwa nampeleka mama kliniki ya presha, na barabara ile haina huruma. Nikaenda kwa mtu ninayemfahamu. Hapo ndipo ujinga wangu ulipoanzia, kwamba nilimfahamu.

“Shikamoo, mzee.”

“Marahaba, binti yangu! Karibu. Wewe si mteja, wewe ni mtoto wa nyumbani.”

Akayatoa manne kutoka ndani kabisa, siyo yale ya barabarani. Yalikuwa na kashata nene, yale meno ya mpira yanayokanyaga barabara, na kila kashata imechanjwachanjwa mistari myembamba kama chale. Akaniambia nipitishe kidole. “Unaona yalivyo laini? Laini ndiyo inashika, mama. Tairi gumu kwenye mvua linateleza.” Kisha akanigeuzia ubavu wa tairi na kunionyesha alama ndogo: mlima wenye vilele vitatu, na ndani yake kitu kama nyota.

“Huu ni nini?” akaniuliza.

“Mlima.”

“Basi! Waliotengeneza wamechora mlima ili watu wa mlimani tujue letu ni lipi. Na hili hapa ndani ni ua la kahawa.”

Nilicheka kwa furaha, Mungu anisamehe. Nimezaliwa chini ya mibuni. Najua harufu ya maua yake yakichanua baada ya mvua ya kwanza, namna kihamba kizima kinavyokuwa cheupe. Kuona ua letu kwenye tairi lililotoka ng'ambo kulinipa kiburi cha kijinga. Mtoto wa kahawa mimi, sikuhesabu hata petali. Ua la kahawa yetu lina tano. Lile lilikuwa na ncha sita.

Yakafungwa siku hiyohiyo, na nikaondoka nikimshukuru.

Wiki ya tatu ya masika tulikuwa tunashuka na mama kwenda kliniki. Mvua ilikuwa ile ya jua, lami ina joto na maji yanatiririka juu yake. Tulipomaliza kona tukakuta lori la ndizi limesimama. Lilikuwa mbali, ninaapa lilikuwa mbali, mtu yeyote angesimama. Nilikanyaga breki na gari likaendelea kwenda. Lilikwenda taratibu, kwa upole kabisa, na hilo ndilo linalonichoma hadi leo, kwamba nilipata muda wa kuona kila kitu. Nikakata usukani ili tusiingie chini ya lori, tukaangukia mtaroni upande wa kushoto. Upande wa mama.

Mama alimwita mama yake, bibi yangu aliyefariki nikiwa darasa la pili. Nyonga ilikuwa imevunjika.

Hospitalini walimtia chuma. Mwanamke aliyekuwa akipandisha kihamba na mkungu wa ndizi kichwani, akiniacha nyuma nikihema, sasa yuko kwangu mjini na anaomba kupelekwa msalani. Hawezi kusimama bila kushikwa. Kila asubuhi anauliza kama mibuni imepogolewa, nami namjibu ndiyo, na wote wawili tunajua hakuna aliyekwenda kuitazama.

Gari lilivutwa hadi Elerai kwa fundi wa pancha ninayemwamini, mzee mkimya mwenye miwani iliyofungwa kwa waya. Alipoona matairi alianza kucheka. Aliponiona uso akaacha.

“Dada, haya ni ya theluji.”

“Ya nini?”

“Ya nchi za barafu. Hii nyota yako ni chembe ya theluji. Mpira wake umefanywa laini ili usigande kwenye baridi. Ukiuleta huku kwenye joto, kashata zinalegea na kuyumba, breki haipati pa kushika.” Akapangusa matope ubavuni na kunionyesha tarakimu nne ndani ya kiduara kirefu. Mbili za kwanza ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka lilipotengenezwa. Akahesabu kwa vidole, akahesabu tena. Matairi yangu yalikuwa na miaka kumi na mitatu. “Halafu limezeeka. Huku ubavuni limekauka na lina nyufa, angalia. Hata viatu vya katambuga havitoki hapa.”

Siku ile nilijifunza kwa saa nzima yale niliyopaswa kuyajua kabla. Kwamba kwa mvua zetu na joto letu unataka tairi lenye mifereji mipana inayozunguka moja kwa moja ili maji yapate njia ya kutoka, na mpira unaokaza kidogo chini ya kidole. Kwamba unasoma mwaka kabla ya kuuliza bei. Kwamba mlima wenye nyota unauacha hapohapo ulipoukuta, hata ukipewa bure. Alinifungia mengine manne mapya. Ya theluji, matatu nilimwachia ayazike mbele ya kibanda chake kuzuia magari. La nne nikalipakia kwenye buti. Sikujua bado nalitakia nini, ila sikutaka liniponyoke.

Nilikwenda kwa mzee wa kanisa. Sikwenda kugombana. Nilitaka aniambie hakujua, basi. Angesema hakujua ningelia nikaondoka. Alinisikiliza hadi mwisho akitikisa kichwa kwa huruma, kisha akasema, “Utelezi ni wa Mungu, binti yangu. Tumshukuru mama yu hai.”

Nikatazama pikapu yake iliyoegeshwa pembeni. Niliinama kama ninayefunga kiatu. Matairi mapya, mifereji mipana, yametengenezwa mwaka huohuo tuliokuwamo. Hakuna mlima wala ua.

Alijua. Tangu dakika ile, usingizi wangu, chakula changu, hata sindano ya cherehani yangu, vyote vikawa vinamzungumzia yeye. Nilikata kola nikamkata yeye. Wahenga walisema akutendaye mtende, mche asiyekutenda, na mimi nilikuwa mwanafunzi mzuri wa wahenga. Wazo la kumshtaki nililitazama nikaliacha, kwa maana sikuwa na karatasi wala shahidi, na nilijua angesimama pale na sauti yake akamwambia hakimu kuhusu utelezi wa Mungu. Nilitaka aumbuke mbele ya watu waleule wanaomwamini. Nilitaka aumbuke kwa mdomo wake.

Njia niliipata nikiwa napiga pasi. Sadaka haikataliwi bila sababu. Nikipeleka lile tairi mnadani, ama atalikataa, na itambidi aeleze mbele ya usharika mzima lina ubaya gani, ama atalinadi, nami nitamwomba asome alama. Sikuona tundu lolote katika mpango huo. Nilichoma gauni la mwanafunzi kwa pasi na sikujali.

Jumapili ya kwanza mama alipoweza kukaa kwenye gari, tukaenda.

“Nini kinagongagonga huko nyuma?” akauliza.

“Sadaka.”

Akageukia dirishani. Tulimweka kwenye kiti cha plastiki barazani, na watu wakapita kumsalimia mmoja mmoja. Baada ya ibada nililiviringisha tairi kutoka kwenye gari hadi mezani, nimevaa gauni langu la kitenge, katikati ya mikungu na mabeseni ya mayai. Nililipangusa mwenyewe asubuhi, lilikuwa linang'aa. Watu walidhani ni utani wakaanza kucheka.

Mzee wa kanisa aliliona. Kwa muda wa kumeza mate, uso wake ulikuwa mtupu. Nilifurahi kwa namna ambayo siwezi kuieleza kanisani.

Kisha akalinyanyua kwa mikono miwili.

“Bwana asifiwe! Wengine wanaleta ndizi, ndizi inaoza. Dada yetu ameleta tairi!”

Makofi. Nikasema kwa sauti, “Mzee, wasomee alama ya ubavuni.”

“Alama? Mlima! Kama mlima wetu huu!” Akaelekeza kidole juu, ambako Meru ilikuwa imejifunika mawingu.

“Huo ni mlima wa theluji,” nikasema. “Ni tairi la theluji.”

“Na kule juu siku nyingine si kunaanguka theluji? Basi limefika nyumbani!”

Kanisa zima likacheka. Mchungaji alicheka. Sauti yangu ilikuwa nyembamba na ya mtu mwenye hasira, na watu hawapendi hasira siku ya Jumapili. Ya kwake ilikuwa ya sherehe. Nilisimama pale kama mjinga, mpango wangu umegeuzwa ngoma na yeye ndiye anayeipiga.

Halafu mtu akataja bei.

Alikuwa dereva wa kwaya, kijana wa watu mwenye gari la abiria ambalo kila mwezi hubeba wanakwaya kwenda kuimba sharika nyingine. Alikuwa anahitaji tairi la akiba. Mwingine akaongeza, yeye akaongeza tena. Nikaona lile gari likishuka kwenye kona ileile, limejaa akina mama wa sauti ya kwanza, mvua ya jua inanyesha. Tairi hilo nimelileta mimi. Nimelipangusa mimi. Aliloniuzia kwa tamaa yake, mimi nilikuwa nalipitisha kwa mwingine kwa ajili ya kisasi changu, tena kwa jina la Bwana.

Nikainua mkono nikataja bei.

Dereva akaongeza, nikaongeza. Watu wakashangilia, maana katika mnada wetu si ajabu mtu kukinunua alichokitoa na kukitoa tena, ni ukarimu. Yule mzee alikuwa ananitazama huku anaimba bei, na nadhani alikuwa anafurahi. “Mara ya kwanza! Mara ya pili! Mara ya tatu, ni la dada yetu!” Nikanunua tairi lile kwa mara ya pili, kutoka kwa mtu yuleyule, na kwa bei kubwa kuliko ya kwanza.

Mambo yangeishia hapo, ningekuwa nimezikwa nikiwa hai. Lakini hasira ikishakufedhehesha haikuachii aibu ya kukuzuia. Nilililaza tairi chini, nikapandisha gauni, nikapiga goti juu ya ubavu wake na kulikandamiza kwa uzito wangu wote. Nyufa zikafunguka. Nikachomeka kucha, kipande cha mpira kikang'oka, kikavunjika mkononi kama ganda la mkate mkavu. Nikakipeleka kwa dereva wa kwaya nikakiweka kiganjani pake.

“Hili ndilo lililomvunja mama,” nikamwambia. Sikupaza sauti, nilikuwa sina tena. “Lina miaka kumi na mitatu. Mwaka uko pale, tarakimu mbili za mwisho. Niliuziwa na anayenadi.”

Dereva alikisugua kile kipande kwa kidole gumba hadi kikawa unga. Kisha akamgeukia mzee wa kanisa.

“Na yale mawili uliyonifungia wiki iliyopita?”

Yule mwenye sauti nene alikuwa ameshageukia sadaka iliyofuata. Alikuwa ameshika kuku wa mtu, kamwinamisha kichwa chini, na kuku alikuwa anapiga mabawa. Dereva akaenda kwenye gari lake na kuchuchumaa kwenye gurudumu la nyuma. Mwingine akamfuata. Baada ya hapo sikuweza kuwahesabu. Wazee wenye suti, akina mama wenye vilemba, shemasi na kanzu yake, wote wamechuchumaa uwanjani wanasoma matairi, wanaitana, wanaambiana tarakimu. Mtu mmoja akapiga kelele, “Mlima! Na langu lina mlima!” Mara hii hakuna aliyecheka. Mezani mikungu ilibaki bila mnunuzi, na yeye akabaki nayo peke yake.

Nilisimama nikatazama. Sitadanganya, niliona raha. Niliinywa ile raha yote hadi kwenye mashapo, nikiwa na vumbi magotini na mikono myeusi. Nilimtazama hadi akainamisha macho.

Kisha nikamgeukia mama ili anione nimeshinda. Alikuwa palepale barazani kwenye kiti cha plastiki, peke yake, kwa kuwa watu wote walikuwa kwenye magari. Jua lilikuwa limehama na lilikuwa linampiga usoni. Sijui lilikuwa linampiga kwa muda gani. Alikuwa ameshika mikono ya kiti na miguu ameikusanya, kama mtu aliyejaribu kusimama mara kadhaa.

“Umemaliza?” akaniuliza kwa Kimeru.

“Nimemaliza, mama.”

“Haya. Njoo uniinue.”