Ukishapiga, Nenda Ukaone

Enzi zetu, kabla watoto hawajajifunza kufa mara tisa kwenye simu na kufufuka, bunduki tulitengeneza kwa mabua ya mtama na mlio tuliutoa mdomoni. Ukipigwa unalala kweli, mgongo kwenye mchanga wa kijiji chetu, Mazingara, unaounguza, mpaka vita viishe au uitwe ukale bada, ugali wetu wa muhogo, na mlenda. Nilikuwa msichana pekee katika jeshi lile. Walinikubali kwa sababu moja tu: mama yangu alikuwa mgambo.

Miaka ile ya Ujamaa mgambo wa kijiji chetu walijifunza shabaha nyuma ya shamba la kijiji, wakilenga vibao vilivyosimikwa mbele ya kichuguu kikubwa. Mkufunzi alikuwa Afande Salimu, kijana wa Manundu, mtu wa kupiga pasi hata soksi. Kwake kile kinachotiwa kwenye bunduki, chote kuanzia ncha mpaka kitako, kiliitwa risasi, basi. Jirani yetu Mzee Sefu, aliyekuwa askari wa keya, jeshi la mkoloni, zamani za Mwingereza, alikiita kiasi, na ukimtajia risasi anakuuliza kama umewahi kuvaa buti. Babu Mhina, baba yake mama, msasi wa gobori, aliwacheka wote wawili. Kwake kulikuwa na baruti, kulikuwa na fataki, kulikuwa na goroli, na kila kimoja kilikuwa na mfuko wake. Kiasi ni kile unachokipima mwenyewe kiganjani kabla ya kushindilia. Hizo za kiwandani, zilizokuja zimeshafungwa, aliziita bada la kununua. Sisi watoto tuliyapenda maganda tu, maana ukilipuliza ganda linalia kama filimbi, lakini Afande aliyaokota yote akaondoka nayo.

Babu hakujaliwa mtoto wa kiume, kwa hiyo gobori alimfundisha mama. Sheria yake ilikuwa moja, na mama aliirudia hata akitufundisha kurusha mawe kwenye maembe: "Ukishapiga, nenda ukaone." Usitie goroli ya pili hujajua ya kwanza imefanya nini. Huenda mnyama ameumia anateseka, huenda nyuma ya kichaka kulikuwa na mtu.

Ikaja habari kwamba watachaguliwa walenga shabaha wa kwenda kushindana Korogwe. Mama aliitaka safari ile kama mtoto anavyoitaka Idi. Alikuwa hajawahi kufika Korogwe. Alipiga pasi ya mkaa sare yake, akaazima viatu kwa shangazi, akawatangazia wanawake wote kisimani. Baba alikuwa akimtania kila jioni, eti akirudi na kikombe watapika nini ndani yake.

Siku ya mchujo kijiji kizima kilijaa pembeni. Walenga shabaha walilala kifudifudi kwa mstari, kila mmoja akapewa risasi tano, wakaambiwa hakuna kuinuka mpaka filimbi. Mama akatulia, akavuta pumzi, akapiga moja. Kisha akaweka bunduki chini, akainuka, akajikung'uta vumbi, akaanza kutembea kuelekea kichuguu, huku wenzake kushoto na kulia wanaendelea kupiga.

Sikuweza hata kulia. Filimbi ya Afande ililia mfululizo mpaka bunduki zote zikanyamaza, na mama alikuwa ameshafika kwenye kibao. Tundu lilikuwa katikati ya katikati. Afande alikuja mbio. Alilitazama lile tundu, kisha akasema kwa upole ambao hatukuwahi kuusikia kwake:

"Mama, umewashinda wote. Lakini siwezi kukupeleka. Nitawarudishia wanao maiti."

Wenzake walikwenda Korogwe bila yeye. Mama alivirudisha viatu vya shangazi mwenyewe, kisha akaingia jikoni akalia. Jioni ile baba alimkamata jogoo tuliyekuwa tukimlisha kwa ajili ya Idi, akamchinja. Kwetu firigisi ilikuwa ya baba; hakuna aliyethubutu hata kuitazama. Siku ile aliitoa kwenye bakuli lake akaiweka kwenye la mama. Mpaka leo sijaona zawadi ya mashindano inayoizidi firigisi ile.

Sasa mama amelala Mazingara, na mimi nina mjukuu anayefyatua risasi mia kwenye simu kabla chai haijapoa. Juzi nilimuuliza amempiga nani. "Sijui, bibi, wako wengi," akanijibu, macho kwenye kioo. Nilicheka, nikataka kumsema, nikajizuia. Maana na sisi watu wazima hatujambo: tunarushiana maneno kwenye simu hizo hizo tangu asubuhi, makali kuliko baruti ya babu, tukimaliza moja tunatia jingine. Mama angeweka simu chini, akajikung'uta vumbi, akaenda kuona limempata nani.