Aliyenikaribisha Juu ya Dari

Watu wa nyumbani wanasema ni uzee. Basi waseme. Niliyoyaona huku ugenini, mtaa wa Cato Manor, niliyaona mchana, jua likiwaka, na miwani yangu ikiwa usoni.

Nyumba tunayopanga iko na mabati, chini yake dari ya mbao, na katikati nafasi kubwa ambayo mwenye nyumba, Mama Ntombi, hakuimaliza. Wakati wa baridi tunatetemeka. Akatuletea yale mablanketi mazito ya kuzuia baridi, si ya kujifunika bali ya kuwekwa chini ya paa, lakini hayakutosha kote. Mkwe wangu Bahati akataka yapigiliwe chini ya mabati, ili kule juu kuwe chumba. Binti yangu Furaha, mwenye mimba kubwa, akataka yatandikwe juu ya dari, joto libaki kwetu. "Mama, amua wewe," wakaniambia.

Nikapanda ngazi kuangalia. Nilipoingiza kichwa, mdomo ukasema wenyewe: "Hodi!" Si ndivyo tulivyolelewa? Kwetu Uvira huingii mahali kimya kama mwizi.

"Karibu, Mama Furaha. Keti."

Mwanamke amekaa juu ya boriti, miguu ameikunja. Niamini, sikuwa namjua. Lakini mtu akishakukaribisha, utakataa kuketi? Nikaketi. Baadaye nikaomba njia, kama mgeni yeyote anavyoaga.

"Bado," akasema.

Miguu ikakataa kuinuka. Ngazi naiona pale pale, siwezi kuifikia.

Furaha akaita toka chini: "Mama, uko salama?"

Nikafungua mdomo, hakuna sauti. Yule mwanamke akajibu kwa sauti yangu, na kikohozi changu ndani yake: "Niko salama, mwanangu. Endelea na kazi yako."

"Sharp, mama," akajibu, yaani sawa, kama wanavyosema vijana wa huku. Nikasikia ndala zake zikienda. Binti niliyemzaa mwenyewe! Wewe ungefanya nini?

"Mablanketi mutaweka wapi?" akaniuliza yule. "Joto ya nyumba yenu ndiyo inapanda huku kwangu. Mukifunga chini, nitakufa tena."

Nikafikiria mimba ya Furaha na baridi ile. Halafu nikafikiria mimi nikibaki pale, na yeye akishuka na sauti yangu kwenda kumlea mjukuu wangu. Nikatikisa kichwa kukubali: yatapigiliwa juu, kwenye mabati.

Akanisindikiza mpaka kwenye ngazi, mkono wake mgongoni mwangu, baridi kama sementi.

Bahati alifurahi. Furaha alininunia mpaka akajifungua; mtoto, Neema, analala kifuani pangu tumejifunika kila nguo. Chumba cha juu kina joto na hakilali mtu. Nilimwambia Bahati siku atakayopeleka kitanda kule, mimi nahama, naye hawezi kubishana na mama mkwe. Sauti yangu ilirudi, lakini nyembamba. Kanisani sianzishi tena wimbo. Na nikienda sokoni Isipingo kununua mboga, Furaha ananiambia amenisikia nikikohoa nyumbani.

Kwa hiyo ukimwita mama yako, akaitika toka mahali usipomwona, usitosheke na sauti. Panda umwangalie uso.