Barua za Fundi kwa Mhariri

Jina la Sista Futa hakulipata ubatizoni wala siku ya nadhiri. Alipewa na watu wa ofisini, tena kwa hasira, kwa sababu hakuna makala iliyotua mezani kwake ikaondoka na unene wake. Mapadri walileta kurasa tisa juu ya subira, wakifungua jarida la mwezi wanakuta kurasa tatu, na hiyo subira yenyewe ndipo wanapoanza kuihitaji. Siku moja Baba Askofu alitafuta barua yake ya kichungaji mle ndani, akaikuta imejikunyata kwenye ukurasa mmoja na nusu.

"Sista," alisema, "barua yangu iliugua nini?"

"Haikuugua, Baba Askofu. Ilifunga Kwaresima."

Askofu alicheka mpaka msalaba wa kifuani ukatikisika, na mwezi uliofuata akaleta ukurasa mmoja tu, ameukondesha mwenyewe nyumbani.

Ulimi huo Sista hakuupata utawani. Alikwenda nao. Alizaliwa kwenye nyumba ya fundi cherehani, mtoto wa pekee, akakulia chumba cha mbele ambamo kulikuwa na mashine ya kukanyaga kwa miguu, pasi ya mkaa, kopo la vifungo, na karatasi za kaki za kukatia mitindo zilizotundikwa kwenye msumari. Karatasi zilipokwisha, baba yake alikatia magazeti ya zamani. Herufi za kwanza alizisoma hapo, kwenye mkono wa shati na mguu wa suruali, habari zikiishia kwenye kwapa, na yeye akijaribu kukisia sentensi iliendaje upande uliokatwa.

Akiwa na miaka mitatu alimwambia baba yake kwamba suruali ya mwalimu ina mguu mmoja mrefu. Baba akamwambia aende akacheze. Mwalimu akavaa, akaenda shuleni, akarudi saa nne mguu mmoja unafagia njia. Fundi aliishona upya. Alipopenda kusimulia kisa hicho baadaye alisema mtoto alikuwa na miaka minne, kwa kuwa kukosolewa na mtu wa miaka minne kuna nafuu kidogo. Mtoto alisimama palepale: mitatu. Mama aliwasikiliza wawili hao mezani miaka yote, akasema nyumba hii ina mafahali wawili na zizi moja.

Basi fundi alikuwa na mpango wake. Mashine ile ingekuwa ya binti, na jina kwenye kibao cha mlangoni lingebaki. Binti alipofika miaka ishirini na moja akasema anakwenda utawani. Fundi aliweka mkasi chini.

"Umefikiri?"

"Nimefikiri, Baba."

"Nenda. Lakini ukivuka kizingiti hicho, mimi sina binti."

Watu wengine husema neno kama hilo kwa hasira, kesho wakalimeza. Fundi hakuwa mtu wa namna hiyo. Akishasema sentimita tisini, ni tisini. Mama alikuwa akija konventini mara moja kwa mwaka, na mfuko wa sabuni na viatu vilivyotengenezwa upya, na kila mara binti aliuliza kama ameletewa salamu. Mama alijibu, "Baba yako mzima." Hilo ndilo lililokuwa jibu kwa miaka kumi na miwili.

Huko utawani alifundisha shule ya msingi kwa muda, mpaka Mama Mkuu alipogundua kwamba barua za shirika zinazoandikwa na yule sista mwembamba ndizo pekee zinazojibiwa. Akampeleka kwenye ofisi ya jarida. Ilikuwa vyumba viwili nyuma ya kanisa, dirisha moja halifungi, jingine halifunguki. Mhariri alikuwa padri mzee mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Mchapaji alikuwa mama wa watoto sita, mlei, mwenye vidole vya kasi na mdomo usio na pazia.

Padri mzee alimfundisha kazi kwa kanuni moja. "Makala yoyote, msomee mchapaji akiwa anapiga mashine. Akiacha kupiga ili asikilize, pabakishe hapo. Akiendelea kupiga, futa."

Mchapaji aliendelea kupiga kwa sehemu kubwa ya mafundisho ya kanisa. Lakini Sista alijifunza kuandika vitu vinavyosimamisha vidole vyake. Aliandika kijitabu cha kumuuguza mgonjwa nyumbani, kinachoeleza jinsi ya kumgeuza mtu mzito kitandani na ni sala gani isiyochosha. Aliandika kitabu cha maswali ya watoto juu ya Mungu, akaacha mawili bila majibu kwa sababu hakuyajua. Vyote pamoja vikawa kumi na kimoja, na hakuna chenye jina lake. Ndiyo ilikuwa kanuni ya shirika: jaladani huandikwa "Kimetungwa na mtawa", basi. Hata jarida lilikuwa hivyo. Padri mzee alipofariki na yeye akakalia kiti chake, alitia sahihi neno moja tu, Mhariri.

Mwaka uleule mama yake akafariki. Alikwenda kuzika. Fundi alikuwa amesimama mlangoni akipokea watu, akampokea na yeye.

"Karibu, Sista. Pole na safari."

Angemtukana, ingekuwa afadhali. Tusi hutupiwa mtu wako. Makaribisho yale yalikuwa ya mgeni, na alirudi nayo konventini.

Miezi mitatu baadaye, kwenye fungu la barua za wasomaji, aliona kipande cha karatasi ya kaki. Upande mmoja ulikuwa na mchoro wa mkono wa shati. Upande wa pili ulikuwa na mwandiko wa penseli nene, herufi zimeinama kushoto.

*Kwa Mhariri. Mke wangu aliyekuwa akipokea jarida lenu amefariki. Acheni kulileta. Fundi.*

Alijua mwandiko. Asichokijua ni kama mwandishi anajua anamwandikia nani. Mama alikuwa msiri mzuri. Huenda alisema nyumbani kwamba binti ndiye anayeshika jarida, huenda hakusema. Alikaa nayo siku mbili, kisha akamwambia mchapaji aandike:

*Kwa Fundi. Poleni sana kwa msiba. Jina la marehemu liko kwenye orodha yetu hadi Desemba, na hatuna desturi ya kufuta jina la mtu katikati ya mwaka. Mtatuvumilia. Mhariri.*

Desturi hiyo haikuwepo. Aliitunga hapohapo, na Jumamosi akaenda kuiungama.

Barua ya pili ilikuja kabla ya mwezi kuisha. *Kwa Mhariri. Kwa kuwa mnalazimisha, nimesoma. Ukurasa wa nne, hadithi ya fundi mwema. Mnasema alipachika kola kabla ya kuunga mabega. Kola hiyo aliishikiza wapi, hewani? Fundi.*

Sista aliona aibu, maana yeye wa watu wote ndiye aliyepitisha kola ya hewani. Angekiri, yangekwisha. Lakini damu ya kwao ilichemka. Akaichapa barua kwenye ukurasa wa wasomaji, na chini yake jibu: *Hadithi ilikuwa juu ya wema, si juu ya kola.*

Fundi akajibu kwamba wema usiojua kushona ni uvivu uliovaa vizuri.

Hapo ndipo ilipoanzia. Desemba ilifika, jina la mama halikufutwa, na hakuna aliyelalamika. Kila mwezi karatasi ya kaki ilikuja, kila mwezi Mhariri alijibu, na kila mwezi hakuna aliyemkubalia mwenzake hata kwa nukta. Wasomaji wakaanza kufungua jarida kutokea nyuma. Wakaandika kuchagua upande. Walimu walikuwa wa Mhariri, madereva na mafundi wote walikuwa wa Fundi. Padri mmoja alilalamika kwamba waumini wanalijua gomvi lile kuliko Injili.

Mara moja tu lilikaribia mfupa. Jarida lilichapa tafakari juu ya yule baba wa Injili aliyemkimbilia mwanawe mpotevu. Fundi akaandika: *Kila mtu anahubiri aliyeondoka na aliyerudi. Hakuna anayeuliza huyo mzee alikula nini jioni zile katikati.*

Sista alikaa na karatasi hiyo mchana mzima. Hatimaye akaandika: *Yule mwana alitapanya mali. Wako wanaoondoka bila kutapanya chochote, na bado hawakimbiliwi.*

Jibu lilikuwa fupi kuliko yote: *Kilichotapanywa anakijua aliyebaki.*

Mchapaji aliitoa karatasi kwenye mashine, akaivua miwani yake. Yeye alikuwa ameshajua siku nyingi. Mtu haandiki majibu ya namna ile kwa msomaji.

"Sista, mwambie tu huyo mzee kwamba ni wewe."

"Nikimwambia, ataacha kuandika."

"Na kama anajua?"

"Kama anajua, mbona hasemi?"

"Na wewe mbona husemi?" Mchapaji akatia karatasi nyingine. "Nyie kwenu mlilishwa nini? Mawe?"

Alichokitaka Sista kilikuwa neno moja, na alikitaka mpaka kikamuuma: baba yake amwite binti. Vile vitabu kumi na kimoja angevitoa vyote. Lakini barua ya ubishi kila mwezi ilikuwa bora kuliko kimya kitupu, na mwenye njaa hatupi mkate kwa sababu ni mkavu. Ikapita miaka saba hivyo.

Mwaka wa nane Mama Mkuu alimwita. Shirika lilihitaji mlezi wa wanovisi kwenye nyumba ya mbali, safari ya siku nzima. Mtawa aliyeweka nadhiri ya utii hana "lakini" nyingi. Aliomba wiki mbili za kukabidhi kazi.

Mhariri mpya alikuwa padri kijana, msafi, aliyesomea mawasiliano, mwenye tabasamu hata kwa mtu wa kukata umeme. Sista alimwandikia karatasi ya makabidhiano. Kwenye mstari wa mwisho aliandika, *Fundi: ajibiwe kila mwezi, bila kukosa.* Alitaka kuongeza neno. Kalamu ilikaa juu ya karatasi. Lakini kiti hakikuwa chake tena, na siri ya baba yake haikuwa mali ya ofisi. Akaiacha hivyo.

Kumwandikia mwenyewe kutoka huko aendako alikufikiria pia, mara nyingi. Angeandika kama nani? Mhariri si yeye tena, na binti alikataliwa mlangoni.

Huko mbali aliwafundisha wasichana tisa kusali, kufua na kunyamaza, na la tatu wao walilijua kuliko mwalimu wao. Jarida lilipofika alilifungua kutokea nyuma kama watu wote. Fundi alikuwa ameandika kwamba picha ya jaladani imemvalisha Mtakatifu Yosefu joho lenye mikono miwili ya kushoto. Chini yake Mhariri mpya alijibu: *Tunakushukuru sana, mpendwa Fundi, kwa jicho lako makini. Uko sahihi kabisa.*

"Uwii," alisema Sista peke yake, "amemkubalia!"

Mwezi uliofuata Fundi alikosoa mahubiri ya ndoa, na Mhariri akamwita hazina ya kanisa letu. Mwezi uliofuata hapakuwa na Fundi. Uliofuata tena, hapakuwa. Sista alihesabu umri wa baba yake kwa vidole, akarudia, akapata sabini na nane. Siku hizo aliwafokea wanovisi kwa makosa madogo, kisha akawaomba radhi. Alijua sasa kwamba amefanya kosa: alikuwa na miaka saba ya kusema, akasubiri aanze mwenzake.

Ndipo ilipokuja bahasha kutoka kwa mchapaji. Ndani mlikuwa na kipande kidogo kilichopigwa mashine, *Huyu padri alitaka kuitupa, anasema ina matusi. Nimeiiba. Nitaungama*, na pamoja nacho karatasi ya kaki iliyokunjwa mara nne. Penseli ilikuwa imetetemeka safari hii, herufi zimelala kabisa.

*Kwa Mhariri mpya. Mara ya kwanza ulinishukuru, nikadhani una homa. Mara ya pili ukaniita hazina. Hicho ni kilemba cha ukoka, mimi sikivai. Mwenye kiti hicho hajapata kunikubalia neno tangu akiwa na miaka minne, aliponiambia suruali ya mwalimu ina mguu mrefu. Nimengoja miezi miwili nione kama atarudi. Harudi. Mmempeleka wapi binti yangu? Fundi.*

Aliisoma amesimama kwenye veranda, wanovisi wakianika mashuka, na alilia mbele yao bila kugeuka ukutani. Mmoja wao akamletea kigoda. Alipoweza kuona tena, aliomba karatasi, na kalamu yoyote itakayokuwa karibu. Wakamletea penseli.

*Shikamoo Baba. Sikuwa na miaka minne. Nilikuwa na mitatu. Nakuja Jumamosi.*