Niliwajazia Wakwe Korosho, Keki Ikazama

Kosa ni langu, na sitasema shetani alinipitia. Shetani hajui kuoka. Mjuaji nilikuwa mimi!

Mimi ni mama wa nyumbani hapa Masasi, nikifika sokoni nimesafiri. Nina kidato cha nne changu, keki nilijifunzia kwenye simu, basi nikajiona fundi. Mdogo wangu alipopata mchumba Newala, nikatangaza: keki ya harusi naoka mimi, ngazi tatu!

Sasa sikia ujinga. Ngazi ya juu ndiyo bibi harusi anayowakabidhi wakwe akiwa amepiga magoti. Nikasema hawa hawatatudharau. Nikaishindilia korosho mpaka mwiko ukagoma. Ya chini, ya watu wote, nikaiacha laini kama godoro jipya. Yaani tofali juu ya godoro!

Jirani yangu, mwalimu aliyehamia kutoka Mbeya, akaja na vijiti amevikata sawasawa.

"Shoga, chomeka hivi kwenye ya chini na ya kati, na kila ngazi ikalie kadibodi yake. Uzito ubebwe na vijiti, siyo na keki."

"Mwalimu, mimi napamba keki, sijengi banda la kuku!"

Akacheka, akavifunga kwenye gazeti, akavitia mkobani.

Nikaipanga palepale nyumbani, maana nilitaka mtaa mzima uione ikitoka. Mwalimu akaishikilia garini kona zote za kupanda Newala. Tulipofika ilikuwa imeinama. Akaninong'oneza, "Vijiti ninavyo. Tuipangue, tuipange upya."

Nikaugeuza upande ulioinama ukaelekea ukutani. Fundi huyo!

MC akaita keki ya wakwe. Mdogo wangu akasogea na sahani. Wote tukitazama, ile ya juu ikazama kwenye ya kati, taratibu, kama lori kwenye tope, kisha zote mbili zikaishukia ya chini.

Mama mkwe akasema, "Ehee! Yetu imetukimbia?"

Ukumbi ukaangua kicheko. Mdogo wangu kasimama na sahani tupu, wanja unamtiririka.

Hapo ndipo nilipofanya la aibu kuliko yote. Nikapaza sauti: "Mwalimu ndiye aliyeishika njiani!"

Macho yote kwake. Hakujitetea! Alichukua kijiko, akachimbua korosho zangu kwenye kile kifusi, akaijaza sahani. "Piga magoti, bi harusi. Wape wazazi."

Mama mkwe akaonja, akaomba nyingine. Mdogo wangu akasitirika. Mimi nikakaa na uongo wangu, nikala pilau. Nikaongeza!

Leo ndoa ina raha zake. Ila Newala mwalimu wa watu bado anaitwa "yule aliyeangusha keki." Nikimsalimia anaitikia, basi. Jikoni kwangu hakanyagi tena. Shoga niliyekuwa naye ni huyo mmoja tu, nikamuuza kwa sekunde moja! Vile vijiti aliviacha dirishani kwangu siku tuliyorudi, na gazeti lake.

Wajuaji wenzangu, keki nzito ichomekeni vijiti. Na ikianguka, semeni "ni mimi" palepale, watu wakiwa bado ukumbini.

Siyo kama mimi, ninayesema leo, tena bila jina. Si mnaona? Hata hapa nimeugeuza upande ulioinama ukutani.