Hesabu ya Mama Vifungo

Jumamosi, tarehe 14 Septemba 1996, saa mbili na robo asubuhi, wastaafu wa kiwanda cha uchapaji na wake zao waliteremka basini mbele ya ngome kongwe ya mji wa pwani. Ilikuwa siku ya nne na ya mwisho ya matembezi yao. Walikuwa watu kumi na watatu, bila kumhesabu dereva.

Walikuwa na desturi yao ya kujihesabu: katika kila jozi ya mke na mume huulizwa mmoja tu, naye huwajibia wote wawili. Mama Vifungo, fundi cherehani, ndiye aliyeijibia jozi yake kwa miaka yote. Mumewe, Mzee Wino, alizikwa mwezi wa Mei. Hata hivyo, kila asubuhi ya safari hii ulimi ulimtangulia: "Wawili." Karani, kiongozi wa msafara, aliandika mmoja tu. Neno hilo "mmoja" lilikuwa halijapata kumtoka mjane yule, wala hapakuwa na aliyethubutu kumlazimisha alitamke.

Siku hiyo mafua yalikuwa yamemkausha Karani sauti. Kazi ya kuhesabu ikamwangukia mtembeza wageni wa ngome, ambaye hakuwajua.

"Na wewe, mama?"

"Wawili."

Bawabu wa lango akaandika kitabuni kumi na wanne.

Walionyeshwa mizinga, kisima kilichofukiwa, na vyumba vya askari visivyo na milango. Mama Vifungo alivitazama kama mtu anayekunjuliwa kitambaa asichokusudia kununua.

Saa nne, wakitoka, bawabu aliwahesabu, kisha akasimama katikati ya lango.

"Kumi na watatu. Mmoja wenu yumo ndani."

"Kanogewa huyo, anatafuta chumba cha kupanga," akasema mzee mmoja mtani. Mkewe akamfinya, naye akakumbuka, akainamisha macho. Karani alifumbua kinywa. Ukatoka upepo mtupu.

Mtembeza wageni alimwona mama aliyesimama peke yake. "Mama, ni mzee wako. Anaitwaje?"

"Mzee Wino."

Mtembeza wageni akaingia ndani pamoja na bawabu. "Mzee Wino! Gari linaondoka, baba!" Mwito ukapita chumba hata chumba, ukapanda ukutani, ukarudi. Mama Vifungo alisikiliza kila mwito hadi mwisho wake, kisha akangoja kidogo, kama aliyebisha hodi. Hakulia. Vidole vyake vilizungusha kifungo cha koti hata kikakatika, naye hana habari.

Walirudi jasho likiwatiririka.

"Msimwite tena, wanangu," alisema. "Tulimzika mwezi wa Mei. Mimi niko mmoja."

Bawabu alifunua kitabu. "Pole, mama. Lakini kitabu lazima kilingane."

"Basi futa."

"Hakifutwi. Hukatwa mstari, na aliyekosea hutia sahihi."

Mama Vifungo alipokea kalamu. Akakata mstari mmoja ulionyooka, kama wa chaki juu ya kitambaa, akaandika kumi na watatu, akatia sahihi.

Basi liliondoka saa nne na nusu. Ndani yake, bila dereva: wanaume sita, wanawake saba, jumla kumi na watatu. Ngomeni walibaki wawili, bawabu na mtembeza wageni.